Toba Isiyo na Jina

Alhamisi ya Aprili 16, 2020, Rais John Magufuli aliwaomba Watanzania watumie siku 3 zilizofuata kumwomba Mungu aiepushe nchi na janga la korona. Siku zenyewe zilikuwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Aprili 17 hadi 19. Huku Kinyerezi mpangilio huo haukuhitaji maelezo. Ijumaa ilikuwa ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato, Jumapili ya Wakristo wengine. Kila mtu alipewa siku yake, na asiyekuwa na pa kwenda alipata siku 3 za kusikiliza spika za wenzake.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametangazwa mwezi mmoja kabla, Machi 16. Shule zilifungwa kesho yake, lakini nyumba za ibada ziliachwa wazi, na Pasaka ya Aprili 12 ikasaliwa kama kawaida. Hatukuwa peke yetu katika kuomba. Kenya ilikuwa imetangulia na siku yake ya maombi ya kitaifa, Jumamosi ya Machi 21. Tofauti ni kwamba kwetu maombi hayakuwa nyongeza ya mpango wa serikali. Kadiri wiki zilivyokwenda, yalizidi kuwa ndiyo mpango.

Sipendi kuzicheka siku zile, ingawa kuna wanaozicheka sasa. Kinyerezi ni ya watu waliohama. Wengi wetu tulikuja tukanunua viwanja kwa Wazaramo waliokuwa na mihogo na mikorosho hapa, tukajenga chumba kimoja, tukahamia humo kabla ya kupiga lipu. Dereva wa bajaji anayekula leo alichokipata leo hawezi kujifungia ndani wiki 2. Mama lishe wa pale Kinyerezi Mwisho hana kazi anayoweza kuifanyia nyumbani. Ukimwambia mtu wa aina hiyo kwamba kuna jambo moja analoweza kufanya pamoja na jirani yake, bure, bila kumpokonya riziki, atalifanya kwa moyo wote. Nilisikia watu wakilia kwenye spika. Hawakuwa wanaigiza.

Lakini nilisikiliza pia maneno yenyewe. Mengi yalikuwa ya kuomba msaada: utuepushe, utukinge, uwaponye walio wagonjwa. Na karibu kila ombi, lilipofika katikati, liliingiza sentensi ya toba: utusamehe dhambi zetu. Hapo ndipo nilipokuwa nikitega sikio, nikisubiri sentensi inayofuata. Haikuja. Dhambi zetu zipi? Dhambi zetu tu. Za nani? Zetu.

Neno hilo moja, "zetu", ndilo lililonifanya nianze kusoma namna watu wa ukanda huu walivyoomba walipofikwa na shida. Nilitaka kujua kama toba imekuwa hivyo siku zote: ya wote, kwa hiyo si ya mtu yeyote.

Kwa Waislamu wa pwani yetu, walio wengi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, sala ya wakati wa shida inayojulikana zaidi ni ya kuomba mvua, istiska. Utaratibu wake umo katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha fikihi cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambacho kimesomeshwa kwenye madarasa ya pwani kwa vizazi vingi. Mtu akikisoma kwa haraka ataona sala ya rakaa 2 na hotuba. Akitulia ataona kwamba sala ni ya mwisho katika orodha ndefu. Kwanza kiongozi anawaamuru watu wafunge siku 3. Anawaamuru watubu, watoe sadaka, na waache dhuluma, yaani haki za watu walizozishikilia zirudi kwa wenyewe. Siku ya 4 ndipo wanatoka kwenda uwanjani, wakiwa bado wamefunga, wamevaa nguo zao za kazi, si za Idi. Wanatoka na watoto, na wazee, na hata mifugo. Hotuba ambayo siku ya Idi hufunguliwa kwa takbira, siku hiyo hufunguliwa kwa istighfari.

Mpangilio huo una akili ya watu waliokwishawahi kuishi jirani kwa jirani. Wanajua kwamba ni rahisi kumlilia Mungu hadharani kuliko kubisha hodi kwa mtu uliyemla. Kwa hiyo wamekuwekea hodi kwanza, na uwanja baadaye. Nawawi huyohuyo, katika Riyadhu Swalihina, anasema toba ina masharti 3: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kisha anaongeza la 4 kwa kosa linalomhusu binadamu mwenzako: umrudishie haki yake. Kosa la aina hiyo halifutwi kwa kumlalamikia Mungu pembeni wakati mwenyewe aliyeibiwa yupo nyumba ya tatu.

Kwa Wakatoliki wa hapahapa mtaani, kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Padre hawezi kukuondolea "dhambi zetu". Unapiga magoti unataja la kwako, kwa jina lake.

Halafu kuna mtu ambaye msikiti na kanisa wote wanamsimulia: Yona wa Biblia, Yunus wa Kurani. Mji wa Ninawi unatubu hadi mfalme anashuka kwenye kiti chake na kukaa majivuni, na amri inatoka kwamba kila mtu aache udhalimu ulio mikononi mwake. Ila sehemu inayonikaa zaidi ni ya kabla ya hapo, chomboni. Dhoruba imekuja, mabaharia kila mmoja anamwomba mungu wake, shehena inatupwa baharini, na Yona, akiulizwa, anawaambia dhoruba hii ni kwa sababu yangu. Na akiwa tumboni mwa samaki, dua ambayo Waislamu wanaiita ya Nabii Yunus, ile inayosomwa kila mtu anapobanwa, haina ombi lolote ndani yake. Haisemi nitoe humu. Inamtukuza Mungu, kisha inakiri: mimi ndiye niliyekosa. Basi. Msaada unakuja bila kuombwa.

Mifano hii ni ya vitabu, na mtu anaweza kusema vitabu ni kitu kimoja na nchi ni kitu kingine. Basi nikatafuta nchi. Katika milima ya Usambara, mwanahistoria Steven Feierman alikuta Washambaa wana maneno mawili ya kupimia utawala. Kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Mvua na njaa vilikuwa mambo ya siasa. Mfalme wa Wakilindi alikuwa na nguvu za mvua; utawala ukitulia, mvua inanyesha na migomba inastawi; watawala wakigombana, nchi inaharibika. Maana yake ni kwamba ukame ulikuwa na anwani. Watu wenye njaa hawakuambiana "tumekosa sote" wakaishia hapo. Waliuliza ni nini kimeharibika kwa mtawala, na mtawala alijua kwamba swali hilo ni lake.

Siusifu utaratibu huo kupita kiasi, maana kutaja jina kuna hatari yake. Huko Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu na jirani mmoja, shida ilipomfika, akatamka jina. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za namna hiyohiyo. Kwa hiyo si kila jina linaloletwa mbele ya shida ni toba. Nadhani tofauti ni ndogo sana lakini ndiyo yote: mchawi hutafutwa na mwingine, mwenye toba hujitaja mwenyewe. Mabaharia wangeweza kumrusha Yona kama mchawi. Ni yeye aliyesema ni mimi.

Na kama kujitaja ni kugumu kwa mtu mmoja, kwa dola ni kugumu zaidi. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, kwenye Makumbusho ya Vita vya Majimaji, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu waliokuwa wamekaa mbele yake. Vita hivyo, vya 1905 hadi 1907, vilizimwa kwa bunduki na kwa njaa iliyotengenezwa makusudi, mashamba na maghala yakichomwa. Makadirio ya waliokufa hufika watu 200,000 hadi 300,000. Wapiganaji wengi na watawala wa Wangoni walinyongwa Songea mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano, ambaye inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Steinmeier alimtaja kwa jina. Alikutana na wazao wake. Aliahidi nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu.

Wapo waliosema haikutosha, kwa kuwa hakukuwa na fidia, na wana hoja: lile sharti la 4 la Nawawi bado linasubiri. Lakini angalia hata hatua hiyo ilivyochukua muda. Ilihitajika zaidi ya miaka 110 dola kutoka kwenye "yaliyotokea zamani" hadi kwenye "sisi, kwa huyu, hapa". Ndipo nikaelewa kwa nini viongozi wa dini na wa serikali popote pale wanapendelea "dhambi zetu". Ni neno linalopita kila mlango bila kugonga hata mmoja.

Sasa nirudi kwetu, mwanzoni mwa 2021, kwa sababu hapo ndipo neno hilo lilipotugharimu.

Takwimu za korona zilikuwa zimekoma mwaka uliotangulia zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikuongezeka tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mei 2020 tulikuwa tumeombwa siku nyingine 3, hizi za kushukuru. Lakini Januari 2021 misiba ilianza kufuatana, na maaskofu Wakatoliki wakatoa tahadhari kwamba ugonjwa umerudi. Mtaani tulikuwa na jina moja tu la kutumia, "changamoto ya upumuaji". Februari 17 walifariki siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Ijumaa ya Februari 19, wakati wa kumuaga Kijazi pale Karimjee, Rais akaomba tena siku 3 za maombi. Jumapili yake, kanisani Oysterbay, alihimiza pia tahadhari na barakoa zilizotengenezwa hapa nchini. Mwanzoni mwa Machi, Padre Charles Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu, alisema kwamba ndani ya miezi 2 walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista 60. Machi 17 Rais mwenyewe alifariki. Serikali ilisema ni maradhi ya moyo.

Naorodhesha tarehe hizi kwa sababu ya jambo moja. Nchi iliomba kinga dhidi ya kitu ambacho ilikuwa imeacha kukiandika. Maombi ya mara ya pili yalikuwa na bidii ileile ya mara ya kwanza, lakini yalikuwa yanaelea. Ugonjwa haukuwa na jina, wafu hawakuwa na idadi, na dhambi zilikuwa zetu. Mungu, kwa imani ya watu wa mtaa wangu, anajua yote bila kuambiwa. Anayehitaji kusikia jina likitamkwa ni binadamu, ili ajue anyanyuke kwenda wapi.

Baba yangu mdogo alifariki katika wiki ya maombi hayo ya pili. Kwenye cheti palikuwa na neno nimonia. Alikuwa fundi wa visima, mmoja wa wale waliochimba maji ya Kinyerezi kabla bomba halijafika mitaa ya ndani, na hesabu zake zote zilikuwa kwenye daftari moja la jalada gumu lililolowa mafuta ya pampu. Visima huuzwa kwa mita. Unaambiwa bei ya mita moja, kisha unaamini idadi utakayotajiwa, maana ni nani atashuka kupima?

Siku 2 kabla hajafa aliomba daftari. Pumzi ilikuwa fupi, anasema maneno 3 anapumzika. Binamu yangu alidhani anataka kujua wanaomdai na anaowadai, jambo la kawaida, kwa sababu kila mmoja wetu anajua litakalotokea siku ya maziko: kabla jeneza halijanyanyuliwa mtu atasimama aseme, kama kuna anayemdai marehemu aione familia, na kama kuna aliyemkosea amsamehe. Hiyo ndiyo toba ya umma tuliyobaki nayo iliyo na masharti yote 4. Hufanyika karibu kila wiki chini ya turubai, na hakuna anayeiita historia.

Hakutaja deni. Alitaja jina la mama mmoja mjane wa upande wa kuelekea Kifuru, na mwaka, na namba: mita 12. Kisima cha yule mama kiliandikwa mita 42, alilipwa 42, na fundi aliishia 30 maji yalipotoka. Binamu aliandika. Baba mdogo alimtaka asome alichoandika, akakisikiliza, kisha akafumba macho. Hakusema Mungu anisamehe. Labda alilisema mwenyewe, hatukusikia.

Chini ya turubai tangazo lilitolewa kama kawaida, kwa ujumla, na hakuna aliyejitokeza. Lingeweza kuishia hapo. Mama mdogo ndiye aliyekataa. Alisema marehemu hakuacha "kama kuna anayemdai", ameacha mtu na mita zake. Familia ikachanga, kwa bei ya mita ya siku hizo, si ya mwaka ule, na kabla ya arobaini mimi na binamu tukatumwa kuipeleka.

Tulimkuta amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, karibu na kisima chenyewe, anachambua mchicha. Tulimwamkia. Alisema marahaba, akatupa pole ya msiba, akatuuliza kama mama yetu anakula. Binamu akamweleza yote, mwaka, mita, jina la aliyetutuma. Yule mama alifuta mikono kwenye khanga na kuipokea bahasha.

"Nilijua," alisema. "Pampu ilipoharibika yule fundi mwingine alitoa bomba, akalilaza hapo chini. Nikalihesabu kwa hatua zangu. Baba yenu nilikuwa nakutana naye sokoni, ananisalimia vizuri kabisa. Nikawa namsubiri aseme."

Binamu yangu, kwa namna tuliyofundishwa, akamwomba amsamehe marehemu.

Yule mama alikuwa ameshafungua bahasha. Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira.

"Ngojeni kwanza nihesabu, wanangu," alisema, na akaanza.